Msiba Niliofichwa

Bibi yangu mzaa baba alifariki Butiama nikiwa mwaka wangu wa kwanza wa masomo China. Alizikwa, akaliliwa, matanga yakaisha, watu wakarudi kwenye mihogo yao. Muda wote huo mimi nilikuwa darasani, najifunza kusema kwa Kichina kwamba bibi yangu anaishi kijijini, bibi yangu anafuga ng'ombe, bibi yangu ana afya njema. Nilipopiga simu nyumbani Mwisenge, mjini Musoma, niliambiwa: bibi anakusalimu.

Watu wakiniuliza China kukoje, wanangoja niwaambie habari za treni na majengo marefu. Huwa nawaambia, maana ndicho wanachotaka. Hii nyingine siwaambii, kwa sababu nikianza sauti yangu inapanda na mama yangu anainuka na kwenda nje.

Nilikwenda kusomea uhandisi wa maji. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, asubuhi mpaka alasiri, kabla hawajakuruhusu kugusa somo lako lenyewe. Mji ni mkubwa, una mto mpana wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, na baridi yake mbaya kwa sababu haina theluji ya kutazama. Ni unyevu tu, unaingia kwenye magodoro na kwenye soksi. Bweni letu halikuwa na moto wa kutosha. Nililala na koti. Mwenzangu wa chumba alitoka Asia ya Kati, msichana mpole aliyekuwa akiongea na mama yake kwa simu kila jioni huku akikunja nguo, na mimi nilikuwa namsikiliza bila kuelewa neno, nikijua tu kwamba wanaambiana kila kitu. Sauti za watu wanaoambiana kila kitu unazitambua.

Kilichonichosha mapema siyo baridi wala chakula. Chakula nilikizoea haraka. Kuna samaki wao wanamchemsha na pilipili nyekundu, ukimla unasahau hata sato wa Musoma kwa dakika chache. Kilichonichosha ni kutazamwa. Ukiingia dukani mazungumzo yanakatika. Ukipanda basi mtu anainua simu, anajifanya anasoma ujumbe, unaona kabisa kamera imekuelekea. Mama mmoja alimsukuma mtoto wake asimame karibu nami kwenye foleni ya matunda ili ampige picha, na mtoto akalia kwa woga, na mama akacheka, na watu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Mwanzoni nilidhani ndiyo adabu ya mgeni.

Nikamwambia bibi. Wakati huo bado alikuwa anapewa simu. Alikuwa anakaa Butiama na shangazi yangu, mdogo wake baba, ambaye hakuolewa tena baada ya mume wake kufariki. Jumapili kwangu ikiwa mchana mkubwa, kwao ndiyo wametoka misa ya kwanza, shangazi alikuwa ananipigia, kisha anampa bibi. Bibi aliishika simu mbele ya mdomo kama mtu anayejitazama kwenye kioo, kwa hiyo alikuwa hanisikii, na shangazi alikuwa anarudia maneno yangu kwa Kizanaki.

"Wanakusalimiaga huko?" aliniuliza.

"Hapana, bibi. Wananipiga picha."

Shangazi akamweleza.

"Bila salamu?"

"Bila salamu."

"Basi usiwape uso."

Nilianza kugeuza uso. Basini nilikuwa nageukia dirisha. Ilisaidia.

Baada ya miezi fulani simu za Jumapili zilianza kupungua. Nikipiga kwa shangazi, haipokelewi. Nikampigia mama Mwisenge, dukani kwake, ambako anauza vitenge na mafuta ya kula. Akasema simu ya shangazi yako imeingia maji. Wiki nyingine akasema bibi amelala, mafua yanamsumbua kidogo. Nikasema nipeni nimsikie. Akasema mtandao wa Butiama siku hizi unajua ulivyo. Baadaye akasema bibi amekwenda Kiriba kwa ndugu zake, amechoka na mlima, anataka kukaa karibu na ziwa kidogo. Nilifurahi. Niliwaza bibi anakula samaki mbichi, anamgombeza mtu kwa kumkaanga vibaya. Niliishi na picha hiyo mwezi mzima. Ilikuwa picha ya uongo na mama yangu ndiye aliyeichora.

Ndipo likaja lile shindano la kuzungumza. Chuo kiliandaa siku ya wanafunzi wa kigeni, kila darasa limtoe mtu mmoja asimame jukwaani na kusimulia habari za familia yake kwa Kichina. Mwalimu wetu wa mazungumzo alinichagua mimi. Tulimwita laoshi, yaani mwalimu, kama wanavyoitwa wote huko. Alikuwa mwanamke bado kijana, mwembamba, mwenye subira ya ajabu. Alikuwa anabaki nami baada ya kipindi akinirekebishia sauti, maana Kichina ukipandisha pale pa kushusha umeshasema neno lingine. Nilimpenda. Ndiyo maana nilikasirika vile.

Nilimwambia nitasimulia habari za bibi yangu.

"Bibi yupi?" akauliza. Kwao mama wa baba ana jina lake, nainai, na mama wa mama ana jina lingine kabisa.

"Nainai," nikasema. "Mama wa baba."

Niliandika ukurasa mmoja. Bibi yangu anaishi kijiji chenye mawe makubwa. Anawajua ng'ombe wake kwa kukohoa kwao. Kanisani anakaa benchi la mbele na asiyemsalimia vizuri anamrudisha mlangoni aanze upya. Aliponifundisha kukamua aliniambia ng'ombe anajua kama unawaza mambo mengine. Ndiyo habari niliyokuwa nayo, na niliiona nzuri.

Laoshi aliisoma, akatabasamu, akachukua kalamu nyekundu. Siku ya pili alinirudishia nyingine. Ndani yake bibi yangu hakuwahi kuvaa viatu maishani. Alikuwa anatembea toka alfajiri kutafuta maji, maji yenyewe machafu, na siku moja alinishika mikono akalia, akaniambia nenda China ujifunze uje utuokoe.

Nilimwambia, "Laoshi, bibi yangu ana viatu. Ana vya Jumapili vyeusi na vya shambani. Na bomba liko uani."

"Najua, najua," akasema. "Lakini wasikilizaji wanataka kuguswa."

"Hajawahi kunilia mikononi. Hata siku moja."

"Hii ni hadithi tu."

"Ni bibi yangu."

Akacheka kidogo, bila ubaya, kama unavyocheka na mtoto anayekataa kuvaa sare. Akasema kamati imeshapitisha maneno hayo na picha za kuonyeshwa nyuma yangu zimeshatafutwa. Nikaziona hizo picha. Ardhi iliyopasuka, mwanamke ambaye simjui na ndoo kichwani, mtoto mwenye nzi. Sijui walizitoa wapi. Siyo mkoa wetu wa Mara, na kama ingekuwa Mara kungekuwa na mtu nyuma pale anamwuliza mpiga picha wewe ni nani na mbona hujasalimia.

Nilirudi chumbani nikampigia mama. Nilimwambia nataka kuongea na bibi, nataka anisaidie, wanataka kumfanya mtu wa kulialia mbele ya ukumbi mzima. Mama akanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Mama?"

"Nipo," akasema. "Sema unachokijua wewe, mwanangu. Bibi yako anakuamini."

Anakuamini. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa wakati uliopo, akiwa amesimama dukani kwake Mwisenge kati ya vitenge, na bibi alikuwa ameshalala chini ya udongo wa Butiama kitambo.

Siku ya shindano nilipanda jukwaani na kusema maneno yangu. Laoshi alikuwa amekaa mstari wa mbele na karatasi iliyopitishwa mapajani, akifuata kwa kidole, na nikaona kidole kimesimama. Nyuma yangu picha za ukame zilikuwa zinabadilika zenyewe, nami mbele nasimulia habari za kukamua. Watu walicheka pale pa kurudishwa mlangoni. Walipiga makofi ya kawaida. Tuzo alipewa kijana aliyemwimbia mama yake. Laoshi hakuongea nami mpaka tulipofika uani, akasema, "Umeniaibisha mbele ya mkuu wa idara." Nikamwambia samahani laoshi, na sikuwa na samahani yoyote moyoni.

Mwenzangu wa chumba alikuwa amenirekodi. Nikaituma video nyumbani, nikaeleza kwa Kiswahili nilichokuwa nasema, nikawaambia wamwonyeshe bibi. Jibu halikuja siku hiyo. Kesho yake mama alinitumia ujumbe mfupi wa sauti: "Hongera mwanangu. Bibi ameangalia mara mbili. Amefurahi sana."

Naweza kusamehe mengi. Hilo la mara mbili silisamehe. Kama lazima udanganye, danganya kwa kiasi. Kwa nini uongeze utamu?

Nilijua kwa njia ya kijinga. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, niko kwenye foleni ya kantini na sinia mkononi, nasubiri zamu yangu kwa yule mpishi wa wali na biringanya. Simu ikalia. Ni ujumbe wa msichana niliyesoma naye sekondari Bunda. Hatukuwa karibu sana, ila tulikuwa tunatumiana salamu za sikukuu. Aliandika kwamba alikwenda harusi Butiama, akapita kwetu kuwasalimia. "Kaburi la bibi wamelijengea vizuri sana, vigae vyeupe. Nisamehe sikuwahi kukupa pole tangu wakati ule."

Nilisoma kaburi la bibi. Nilifikiri ni bibi mwingine. Nilianza kuwahesabu mabibi wa ukoo wetu kichwani, nikitafuta yupi anaweza kuwa amekufa badala yake. Mpishi akaniuliza unataka nini. Sikujibu. Akauliza tena kwa sauti kubwa, polepole, kama wanavyomwuliza mgeni asiyejua lugha. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Nikaweka sinia juu ya kaunta, nikatoka nje, nikasimama chini ya miti ya uwanja wa mpira wa kikapu na kumpigia mama.

"Bibi amekufa?"

Neno la kwanza la mama halikuwa pole. Lilikuwa, "Nani amekuambia?"

Kwa hiyo alikuwa ameshajiandaa kumtafuta mwenye makosa, na mwenye makosa ni yule aliyesema kweli. Nikakata simu. Akapiga baba. Baba yangu ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, anaongea kama anayelipia kila neno. Alisema, "Tulikaa kikao. Wazee waliona usiambiwe mpaka urudi likizo. Baba yako mkubwa ndiye alisimamia."

"Na wewe?"

"Nami nilikuwepo."

"Uliongea nini?"

Akasema nitulie, nisome, tutaongea nikija. Nikakata na hiyo.

Kipindi kilichofuata sikuwa mtu mzuri. Niwe mkweli, hasira ilinifaa. Huzuni ingenilaza kitandani, hasira ilinipeleka darasani. Nilikuwa natembea haraka. Nilijibu walimu kwa mkato. Siku moja basini, mwanaume aliyevaa vizuri, wa umri wa baba, aliinua simu yake. Safari hii sikugeukia dirisha. Nilikwenda mpaka alipokaa nikamwambia kwa Kichina safi, kila sauti mahali pake, "Umenipiga picha. Ifute." Akasema hapana, hajapiga. Nikasema, "Fungua nione. Bibi yangu amekufa na wewe unanipiga picha." Sijui mambo hayo mawili yalihusiana vipi, lakini yalitoka pamoja. Mwanaume akafungua, akafuta. Kuna mwanamke akasema kwa sauti ndogo, "Anajua kuongea." Kama vile paka amesema. Nilishuka kituo kisicho changu nikatembea kwa miguu kwenye manyunyu mpaka bwenini.

Pale mlangoni alikuwepo mama wa bweni. Kila bweni la wasichana lina mama wa makamo anayekaa kwenye kibanda cha kioo, anatunza funguo, anawagombeza wanaochelewa. Tulimwita ayi, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Aliniona nimelowa. Akaniingiza kibandani, akanipa maji ya moto, maana huko hakuna ugonjwa wala tatizo ambalo maji ya moto hayatajwi. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia nainai wangu alikufa na familia yangu ilinificha.

Akatikisa kichwa taratibu. Nilingoja anionee huruma. Nilikuwa na haki ya kuonewa huruma na mtu mmoja katika mji ule.

"Wamefanya vizuri," akasema. "Uko mbali. Ungeweza kufanya nini? Mwanangu wa kiume alipokuwa na mitihani mikubwa, babu yake alikufa. Hatukumwambia. Akafaulu."

"Na alipojua?"

"Alilia. Kisha akaelewa."

"Ulimwuliza kama ameelewa?"

Akanitazama kama nimemwuliza kitu kisichoulizwa. Nikaweka kikombe chini. Nilikuwa nimevuka bahari na nchi zote hizo nikakuta kikao cha Butiama kimenitangulia, kimekaa kwenye kibanda cha kioo na chupa ya chai. Nilimwambia asante ayi, nikapanda ngazi. Baadaye alikuwa ananiwekea machungwa mlangoni. Niliyala. Hasira haikuondoka kwa machungwa.

Likizo ya kiangazi nilirudi. Ndege mpaka Mwanza, kisha basi la kwenda Musoma. Mama alikuwa ameniambia nishuke Bunda, kwa mama mkubwa, dada yake, ambaye ana mashamba ya pamba nje kidogo ya mji. Nilidhani ni kupumzika. Nilipofika nikaona viti vimepangwa uani, wanawake wa jumuiya ya kanisani wamekaa na vitenge vyao, pamba mpya imerundikwa barazani nyeupe mpaka inaumiza macho, na mama yangu katikati yao. Niliposogea tu, wakaanza kulia. Kilio kikapanda kwa pamoja, mama mkubwa akaja mikono imenyooshwa, "Mwanangu, bibi yako ametuacha."

Yaani walikuwa wananipa taarifa. Walijua kwamba najua, mimi nilijua kwamba wanajua, na bado msiba ulifunguliwa upya pale uani ili nami nipewe sehemu yangu rasmi, kama chakula alichowekewa mtu aliyechelewa. Ndiyo desturi na siidharau; aliyekosa mazishi analiliwa akifika. Lakini machozi hayakuja. Nilisimama na begi langu mgongoni nikimtazama mama analia kweli kabisa, na nikawaza, ulikuwa unayaweka wapi haya ulipokuwa unaniambia ameangalia mara mbili?

Mwanamke mmoja alisema pembeni, "Huko China wanakaukaga mioyo."

"Hapana, mama," nikamwambia. "Mimi nimeshalia kwa njia yangu. Nyie mlikuwa mmechelewa kunialika."

Mama akaniita kwa jina la utotoni, kunionya. Nikaingia ndani.

Kesho yake tulikwenda Butiama, mimi, mama, na baba aliyetokea Musoma. Kaburi lilikuwa na vigae vyeupe kama nilivyoandikiwa, karibu na migomba, mwamba mkubwa ukiwa nyuma. Nilikaa pale peke yangu kidogo. Sitaandika niliyoyasema. Kisha nikaenda kumwamkia baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa amekaa sebuleni akingoja kuamkiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole na safari. Na pole na msiba." Akaniambia nikae. "Najua umekasirika. Lakini jua kitu kimoja. Bibi yako mwenyewe ndiye alisema usisumbuliwe. Alisema, mwacheni mtoto asome."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yote tangu kule kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na hilo likaninyang'anya yote. Kama bibi amesema, amesema. Nikainuka nikaenda jikoni kwa shangazi.

Shangazi alikuwa anasonga ugali wa mhogo na mtama, jasho linamtiririka. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia, "Kumbe bibi mwenyewe alisema nisiambiwe."

Akaendelea kusonga. Aliusonga muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

"Nani amesema?"

"Baba mkubwa."

Akaepua sufuria. Akaketi chini, miguu ameinyoosha, na kuniambia kwa sauti ya kawaida kabisa. Bibi alianza kuumwa kifua. Akiwa bado anaongea, alikuwa anauliza kila siku, Jumapili ni lini. Wanamwambia ni keshokutwa. Jumapili ikifika anasema mpigieni. Baba mkubwa alikuwa ameshachukua simu ya shangazi, maana sauti ya bibi ilikuwa imebadilika na mimi ningetambua. Wakawa wanamwambia bibi, mtandao umegoma. Bibi akawa anasema basi jaribuni tena.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka alipoacha kuongea."

Sijui nilitokaje jikoni. Najua nilikuwa nimesimama tena mbele ya baba mkubwa, na baba na mama wakiwa wamekaa kwenye makochi, na nilikuwa naongea na mtu ambaye katika ukoo wetu haongeleshwi akiwa amekaa nawe umesimama.

"Baba, bibi aliniita."

"Kaa chini."

"Aliomba simu. Mkamwambia mtandao umegoma. Mkaja kuniambia mimi kwamba amekwenda Kiriba, kisha leo unaniambia yeye ndiye alikataa. Hata maneno ya mwisho ya bibi mmeyaandika nyinyi."

"Ungeambiwa ungerudi," akasema. "Ungerudi, masomo yangeishia hapo. Nani angekurudisha China? Wewe? Hatukukaa kikao kwa kucheza."

"Nisingerudi. Ningemsikia. Ni kumsikia tu."

"Umekwenda kusoma au umekwenda kujifunza kubishana na baba zako?"

Baba yangu akasema, "Kaka, mwache aseme." Hilo tu. Nilimgeukia nikiwa na hasira naye zaidi kuliko na kaka yake, kwa sababu maneno hayo matatu angeyasema kwenye kikao, bibi akiwa hai, yangetosha.

Shangazi akaingia na bakuli la ugali na samaki, akaviweka mezani, akajifuta mikono kwenye kitenge. Akasema akiwa bado ameinama, "Alimwita. Mimi ndiye nilikuwa nimemshika. Kila mtu hapa anajua alimwita." Kisha akaleta maji ya kunawa, akaanza na baba mkubwa kama inavyotakiwa. Baba mkubwa akanawa. Tukala. Sijawahi kula ugali mgumu vile kumeza, na ulikuwa umesongwa vizuri kuliko wote.

Tulipoondoka baba mkubwa hakutoka nje kutuaga.

Nyumbani Mwisenge, jioni, baba alinikuta nimekaa barazani. Akakaa. Bodaboda zilikuwa zinapita, watoto wanarudi na madumu. Akasema, "Sauti yake ilikuwa imeharibika sana. Hata mimi nilikuwa siwezi kuisikiliza."

"Wewe uliisikia, baba."

Akafikiri. "Ndiyo," akasema. "Mimi niliisikia."

Mama aliniomba radhi baadaye kwa namna yake, kwa kunipikia na kunikunjia nguo za safari. Nilipomwuliza habari ya kuangalia mara mbili, alisema ile video aliiangalia yeye. Alikwenda nayo Butiama, akakaa kaburini, akaiwasha, ikaisha, akaiwasha tena. Labda ni kweli. Nilimwambia hilo ndilo angeniambia tangu mwanzo, na bado nasema hivyo.

Nimerudi China sasa, niko kwenye maji yenyewe, mabomba na mikondo na shinikizo. Laoshi tunasalimiana tukikutana njiani. Baba yangu amebadilika kwa namna inayochosha. Ananipigia na kuniambia kila kitu: jirani amelazwa, ndama amevunjika mguu, mke wa katekista amepoteza mimba, presha ya mama imepanda, imeshuka. Hachuji. Wakati mwingine niko maabara na sitaki kujua habari za ndama. Nasikiliza mpaka mwisho.

Juzi alisema baba mkubwa ameanguka uani, mguu umevimba, amepelekwa hospitali Musoma. Nikamshukuru, nikakata, nikampigia baba mkubwa mwenyewe. Sikutegemea kwamba atapokea. Alipokea. Nikamwamkia, akaitika. Tukaongea habari za mguu, na dawa alizopewa, na mvua iliyokataa kunyesha, na mihogo. Habari ya bibi hakuigusa, nami sikumsaidia kuigusa. Alipochoka alisema haya mama, soma, nami nikasema haya baba, na kila mmoja akangoja mwenzake akate.